Aksida haiishi siku ya kutoka lopitalo

Kila mwaka tangu 2014, tarehe 13 ya mwezi wa kumi, waganga wa inchi nyingi wanakumbusha watu juu ya damu inayoganda ndani ya mishipa. Siku tatu nyuma yake, tarehe 16 ya mwezi uleule, ni siku ambayo Sheria ya kazi ya Kongo ilitiwa sahihi mu 2002. Hapa kwetu, toka Kolwezi mpaka Kipushi, siku zote mbili zinapita kimya. Sisi wa sindika tunasema zinapashwa kusomwa pamoja, sababu kati ya ule ugonjwa na ile sheria kuko shimo, na mu lile shimo watumikaji wanaanguka.

Tuseme wazi mambo tunayotaka. Mutumikaji akivunjika, akiungua, akipasuliwa ao akilazwa siku nyingi, hatari yake haiishi siku anapotoka lopitalo na fimbo zake. Majuma yanayofuata njo mabaya. Mwili uliojeruhiwa unawaka ndani, damu inakuwa rahisi kuganda, na mutu mwenyewe analala paka pa kitanda. Donge la damu likifunga mushipa wa muguu, kisha likapanda mapafuni, anaweza kufa mu dakika chache. Kifo kama hicho kimetoka mu aksida. Kinapashwa kuandikwa mu karatasi ya aksida. Na mbele ya kuandikwa kinapashwa kuzuiwa, sababu mara nyingi kinaweza kuzuiwa.

Wengi wanajua ugonjwa huu kwa jina la flebiti. Tuueleze kwa maneno ya kazi yetu. Damu iko na akili yake: ukijikata na chuma, inaganda pale pa kidonda ili isimwagike yote. Bila akili hiyo, kila mutu wa mugodi angekufa na kidonda kidogo. Shida inaanza wakati damu inaganda mahali ambapo hakuna kidonda cha kufunga, ndani ya mushipa mukubwa uliofichwa mu nyama ya muguu ao ya paja. Mishipa hiyo njo inarudisha damu ku moyo. Haina pampu yake yenyewe; damu yake inasukumwa na nyama ya muguu wakati mutu anatembea. Kila anayejua mufereji wa maji chini ya mugodi anajua kinachofuata: pampu ikisimama, maji yanatulia, matope yanashuka. Donge likikaa muguuni, muguu unavimba. Kipande chake kikikatika, kinafuata damu mpaka moyoni, kinapita, kinaenda kuziba njia ya damu mu mapafu. Pale mutu anakosa pumzi ghafula, na watu wanasema: "Alikuwa muzima asubuhi."

Tarehe 13 haikuchaguliwa bule. Ni siku ambayo Rudolf Virchow, munganga wa Ujerumani, alizaliwa mu 1821. Yeye njo alionyesha kama lile donge ambalo waganga walikuwa wanakuta mu mapafu ya maiti halikuzaliwa mule. Lilitoka mbali, mara nyingi mu miguu, likasafiri na damu. Mpaka leo waganga wanafundishwa sababu tatu kwa jina lake: damu inayotembea polepole, ukuta wa mushipa ulioumia, na damu yenyewe iliyokuwa rahisi kuganda. Lakini sisi watu wa kazi tuko na sababu ingine ya kumukumbuka. Mu 1848, serikali ya Prussia ilimutuma Silesia ya Juu, jimbo la makaa ya mawe ambalo leo liko Poland, kuangalia ugonjwa wa tifusi uliokuwa unaua watu. Alirudi na ripoti ambayo wakubwa hawakuingojea. Alisema watu wale wanakufa juu ya njaa, nyumba mbaya, kukosa masomo na serikali isiyowajali, na kama dawa ya kweli ni uhuru, masomo na maisha mazuri. Munganga mumoja aliona donge ndani ya mushipa, aliona pia umasikini unaolaza mutu pa kitanda. Hakutenga mambo hayo mawili. Na sisi hatuyatengi.

Sasa tuje ku jambo ambalo watu wengi hawajaelezwa: uvimbe wa moto. Mahali palipoumia panavimba, panapata joto, panauma, panabadilika rangi. Ni mwili unaojitetea. Chembe nyeupe za damu zinakimbia pale sawa askari, mishipa inafunguka, maji yanaingia mu nyama. Kwa siku chache ni jambo zuri, bila hilo kidonda hakiponi. Lakini ule moto haubaki paka pa kidonda. Unapita mu damu nzima. Ini linaanza kutoa kwa wingi fibrinojeni, ile kitu inayofanya nyuzi za kushona donge. Ukuta wa ndani wa mishipa, ambao kila siku uko laini na unazuia damu isigande, unakuwa wa kunata. Mu 2004 wachunguzi wa Berlin walionyesha kama chembe nyeupe fulani zinatupa nyavu zilizofanywa na nyuzi zao wenyewe, ili kunasa vijidudu. Miaka iliyofuata ikaonekana kama nyavu hizo zinanasa pia chembe zingine za damu, na donge linaanzia pale. Kuganda na kuvimba ni wandugu wawili wa nyumba moja: mumoja akiamka, anaamusha mwenzake.

Njo maana sababu tatu za Virchow zinakutana zote pa mutu mumoja aliyevunjika muguu. Mushipa umeumia juu ya mufupa uliovunjika. Damu imekuwa rahisi kuganda juu ya uvimbe wa moto. Na damu inatembea polepole sababu muguu umefungwa mu platri, hauwezi kusukuma. Hatari hiyo iko kubwa mu majuma ya kwanza na inaweza kuendelea miezi mitatu. Mutu wa namna hiyo haitaji kuambiwa "nenda upumuzike" na kufungiwa mulango. Anahitaji kufuatwa.

Tena, aksida haiko peke yake. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid, dunia nzima iliona ginsi ugonjwa wa mapafu unaweza kugandisha damu ya wagonjwa. Kwetu sisi, mbele ya Covid na nyuma yake, kuko kifua kikuu, ambacho mavumbi ya mawe yanakifungulia mulango. Kifua kikuu ni uvimbe wa moto wa miezi mingi, na kinaongeza hatari ya damu kuganda. Sida inaongeza pia. Ugonjwa wa SS, ambao jamaa nyingi za Katanga zinaujua kwa machozi, unaongeza. Kensa inaongeza. Wamama wenye mimba wako mu hatari, zaidi mu majuma sita nyuma ya kuzaa, na zaidi tena kama walipasuliwa. Hao wamama ni wake zetu na ni watumikaji wenzetu. Hii haiko habari ya wanaume wa chini ya mugodi peke yao.

Tusiwasahau washofere. Shofere wa lori la shaba anaweza kukaa siku nzima mu kabini pa mustari wa Kasumbalesa, analala palepale, miguu imekunjwa, anakunywa maji kidogo ili asishuke mara nyingi na kuibiwa mali. Kama kukaa namna ile kunaua si hadithi mpya. Mu vita ya pili ya dunia, watu wa London walikuwa wanakimbia mabomu na kupitisha usiku mu mahandaki, wakikaa ku viti vya turubai. Mu 1940 munganga Keith Simpson aliandika kama wengine walikuwa wanakufa ghafula asubuhi, damu iliyoganda imepanda mapafuni. Ubao wa mbele wa kiti ulikuwa unabana mishipa nyuma ya magoti. Bomu halikuwagusa, kiti njo kiliwaua. Na mu 2007 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kama safari ya kukaa zaidi ya saa ine bila kutembea inaongeza hatari karibu mara mbili. Hatari ya safari moja iko ndogo kwa mutu muzima. Lakini shofere anafanya safari hiyo kila juma, miaka na miaka, na hakuna mutu aliyemuambia ashuke, atembee, akunywe maji.

Mu mafaili ambayo delege wetu wanabeba iko moja ambayo hatuwezi kuifunga. Mutumikaji wa sutretansi, kijana mwenye watoto, alivunjika muguu mu kazi ya usiku. Walimutia platri, wakamurudisha nyumbani nyuma ya siku chache na vidonge vya kutuliza maumivu. Hakupewa karatasi ya kumueleza hatari. Hakuna aliyekuja kumuona. Mu juma la tatu alilalamika kama nyama ya nyuma ya muguu inamukaza ndani ya platri. Jirani walimuambia: "Ni mufupa unaungana, vumilia." Kisha kifua kikaanza kumuchoma wakati wa kuvuta pumzi, walinunua dawa ya malaria. Asubuhi moja aliamka kwenda inje, akaanguka. Sosiete yake iliandika "kifo cha kawaida, nyumbani". Mujane alipewa sanduku na falanga ya matanga, basi.

Hatuwezi kuapa kama ni damu iliyoganda iliyomuua. Hakuna mutu aliyepima. Lakini mashitaka yetu njo hayo: hakuna mutu aliyepima. Hawakupima muguu wakati alikuwa muzima, hawakupima maiti mbele ya kuzikwa, lakini kalamu ya kuandika "kifo cha kawaida" ilipatikana upesi. Mutu wa miaka makumi tatu, aliyevunjika kazini, anakufa ghafula mu juma la tatu: ukawaida wake uko wapi?

Basi kila nyumba ijue alama. Muguu mumoja unavimba kuliko mwenzake. Nyama ya nyuma ya muguu ao paja linauma, linakaza, lina joto. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Angalieni ngozi inayong'aa na kukazana, pimeni joto kwa mukono, linganisha muguu na mwenzake kwa kamba ao kwa mita ya mushonaji. Kwa mutu mwenye platri: platri inayobana gafula, vidole vinavyovimba, maumivu yanayoongezeka mahali pa kupungua. Alama za mapafu njo za kukimbiza lopitalo saa ileile, hata usiku: pumzi kukatika ghafula, kifua kuchoma wakati wa kuvuta pumzi, kukohoa damu, moyo kupiga mbio, kuzimia. Na mugonjwa ao anayemusindikiza aseme neno hili pa mulango: "Alivunjika muguu majuma matatu yaliyopita." Ao: "Alizaa juma lililopita." Neno hilo linaweza kumufanya munganga afikiri jambo lingine kuliko malaria na mavumbi.

Kuko mambo ambayo tunafanya kwa upendo lakini yanaleta hatari. Muguu uliovimba upande mumoja musiukande, musiusugue na mafuta, musiusukume na maji ya moto, mpaka munganga aupime. Donge linaweza kukatika. Musiuchanje na wembe. Kila chanjo ni kidonda kipya, na kidonda kinaita uvimbe wa moto mwingine. Musimeze diklofenaki ya barabarani juma zima na kufikiri umepona. Vidonge hivyo vinapunguza maumivu, vinaficha alama, lakini haviondoi donge. Na wale wanaosema kama jirani alitega dawa pa njia, ndiyo muguu ukavimba: tunaheshimu uchungu wao, lakini kwanza tupime. Mufumu hana mashini ya kuona ndani ya mushipa.

Na hiyo mashini haiko mbali sana. Ni ekografi, ileile inayoangalia mimba. Munganga anakandamiza mushipa polepole na kichwa cha mashini: mushipa muzima unabonyea, mushipa wenye donge unakataa kubonyea. Kipimo hicho hakikati mutu wala hakimuchomi. Kuko pia kipimo cha damu kinachoitwa D-dimeri, lakini hapa tuwe waangalifu. Kipimo hicho kinapanda hata kwa uvimbe wa moto peke yake, kwa kidonda, kwa mimba, kwa maambukizo. Kwa mutu aliyevunjika juzi, kupanda kwake hakusemi kama donge lipo. Kazi yake nzuri ni upande mwingine: kwa mutu mwenye hatari ndogo, kisipopanda, kinasaidia kuondoa mashaka. Kwa hiyo sosiete isije kutuambia kama inanunua kipimo hicho, basi imemaliza kazi.

Dawa ziko. Mu 1960, Bristol mu Uingereza, waganga wawili, Barritt na Jordan, walitangaza jaribio dogo ambalo linakumbukwa mpaka leo. Walikuwa na wagonjwa 35 wenye donge mapafuni. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa ya kuzuia damu isigande, watano walikufa juu ya donge. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyekufa juu ya donge. Toka siku ile hakuna munganga anayeweza kusema kama hakujua. Heparini, warfarini na enoksaparini ziko mu orodha ya OMS ya dawa za lazima, na tangu 2019 vidonge vipya visivyohitaji kupima damu kila mara vimeingia mu orodha hiyo. Dawa hizo haziyeyushi donge kwa mara moja. Zinalizuia lisikue, na mwili wenyewe unalimaliza polepole. Mara nyingi mutu anazimeza miezi mitatu ao zaidi, na asiziache siku muguu unapopona kwa macho.

Tunajua kama wakubwa wa sosiete watajibu. Watasema: dawa hizo zinaweza kutoa damu. Ni kweli. Mutu anayezimeza na kuona kinyesi cheusi ao damu mu mukojo arudi kwa munganga mbio, na asichanganye na aspirini ao diklofenaki bila kuuliza. Anayekunywa rifampisini ya kifua kikuu aseme, sababu dawa hiyo inapunguza nguvu ya warfarini na ya vidonge vipya pia. Watasema tena: si kila mutu mwenye platri anahitaji sindano. Ni kweli pia, na sisi hatuombi sindano kwa kila mutu. Tunaomba kila mutu apimwe hatari yake: ana miaka ngapi, uzito gani, alipata donge zamani, ako na kifua kikuu, ako na SS, atalala siku ngapi? Maulizo hayo yanajaza nusu ya karatasi. Yanamaliza dakika tano za infirmiye. Hayahitaji mashini kutoka Ulaya.

Watasema mwisho: alikuwa nyumbani, haikuwa mu saa za kazi. Hapa tunakataa kabisa. Mufupa haukuvunjika nyumbani. Sheria ya kazi inamutwika mwenye kazi matunzo ya mutumikaji na ya jamaa yake: munganga, dawa, lopitalo. Na CNSS ilifanywa pia kwa hatari za kazi, ili mutu aliyeumia kazini apate haki yake na, akifa juu ya aksida ile, mujane na yatima wapate yao. Lakini CNSS inasoma karatasi. Karatasi ikisema "kifo cha kawaida", mujane anabaki na mikono mitupu, na watoto wanaacha masomo. Neno moja la munganga wa sosiete linaweza kufunga masomo ya watoto ine. Tunaomba waganga wetu, ambao wengi ni watu wa haki, wakumbuke uzito wa kalamu yao.

Kwa hiyo tunaleta maombi matano mezani, na delege wote wayabebe mu mukutano ujao wa komite ya usalama na afya.

Kwanza, kila mutumikaji anayetoka lopitalo nyuma ya kuvunjika, kuungua ao kupasuliwa apewe karatasi moja, mu Kiswahili na mu Kifaransa, yenye alama za hatari na namba ya simu inayojibiwa usiku na mchana.

Pili, infirmiye amutembelee ao amupigie simu kila juma mpaka atakapotembea mwenyewe. Mutu aliyelala nyumbani na platri bado yuko mu mikono ya kazi.

Tatu, lopitalo la sosiete liwe na ekografi inayofanya kazi, mutu anayejua kuitumia ku miguu, na dawa za kuzuia damu isigande mu farmasi, si mu ahadi.

Ine, watumikaji wa sutretansi wapate mambo hayohayo. Wanashuka mu shimo lilelile, wanavuta mavumbi yaleyale. Sosiete kubwa isijifiche nyuma ya sosiete ndogo, na sosiete ndogo isijifiche nyuma ya umasikini wake.

Tano, kifo cha ghafula mu siku 90 nyuma ya aksida ya kazi kihesabiwe kama kimetoka mu aksida, mpaka uchunguzi wa munganga asiyelipwa na sosiete uonyeshe kingine. Leo ni mujane anayeambiwa alete ushuhuda. Tunataka muzigo huo ugeuke. Mwenye mashini na waganga njo aonyeshe.

Kwa washofere tunaongeza neno moja. Mustari wa mupaka hauwezi kuisha kesho, lakini mahali pa kutembea, maji safi na choo pa parking vinaweza kuwekwa mu miezi michache. Kila saa mbili, shofere, shuka, zunguka lori lako, inua visigino mara makumi mbili, kunywa maji. Na wandugu wachimbaji wa mikono, ambao hawana mwenye kazi wa kuwalipia, wajue alama zile, na koperative zao ziweke falanga ya ekografi mbele ya falanga ya matanga.

Na ninyi kamaradi muliolala na platri: musilale sawa mawe. Munganga akiruhusu, chezesha vidole vya muguu, kaza nyama na kuilegeza, kaa, simama na fimbo. Kunywa maji. Wamama mulio nyumbani, mukiambiwa na munganga kama mutu atembee, musimubembeleze alale. Na mukiona muguu unavimba, musingoje siku ya mushahara. Itaneni na delege, itaneni na jirani mwenye gari. Falanga ya lopitalo tutaizungumuza kisha, na tutaizungumuza kwa nguvu. Kazi yetu ya kwanza ni mutu apimwe akiwa bado anapumua.